Vikorokoro vya safari: mmeuliza, tunajibu

Likizo inakaribia na barua zimejaa, kila mtu ana safari na kila mtu kuna kitu amekiona kwenye simu anataka kujua anunue ama aache. Nimechukua chache, zingine nimezikata maana mnapenda kuandika mpaka majina ya mbuzi wa kijijini. Na yule mama wa Jinja anayeuliza afanyeje mume wake hataki kusafiri naye, pole sana mama, lakini ukurasa huu ni wa chaja na mabegi, mimi si ssenga, shangazi wa kufundisha mambo ya ndoa.

Dada, salamu. Nauza nguo Kikuubo, mwezi ujao naenda Dubai halafu Guangzhou kuchukua mzigo. Nina pawa benki kubwa imeandikwa 50,000 mAh, mwenzangu ananiambia Entebbe wataichukua. Sasa si ni pesa yangu nilitoa? Niifiche katikati ya nguo kwenye begi kubwa ama nifanyeje? — Mfanyabiashara, Kampala

Ukiificha kwenye begi kubwa ndio umeharibu zaidi. Pawa benki haiendi kwenye mzigo wa chini, iwe ndogo, iwe ya bei, haiendi, na hiyo ni sheria ya mashirika yote ya ndege. Inakaa kwenye begi la mkononi, kwa sababu betri ya lithiamu ikianza kufuka moshi kule juu wahudumu wanaiona wanaishughulikia, lakini ikiwaka kule chini kwenye mizigo nani ataiona? Na mashine ya ukaguzi haidanganywi na nguo, utaitwa kwa jina kwenye spika uje ufungue begi lako huku wenzako wanapanda ndege.

Sasa ukubwa. Wenye ndege hawahesabu mAh, wanahesabu wati-saa, na hesabu yake hata mtoto wa P6, darasa la sita, anaiweza: chukua hizo mAh, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inakuja 74. Ya 27,000 inakuja 99.9, na hiyo sio bahati, watengenezaji wameisimamisha hapo makusudi kwa sababu mwisho ni 100. Ikiwa kati ya 100 na 160 lazima shirika likubali kwanza, na ikipita 160 hakuna mjadala. Ya kwako inakuja 185. Hata kama pale ukaguzi amesimama shemeji yako.

Halafu nikuulize, umewahi kuipima? Betri za kweli za 50,000 zinakaribia kilo nzima. Kama yako inaingia mfuko wa suruali na suruali haishuki, basi hiyo ni kumi elfu iliyoandikiwa hamsini, zimejaa kwenye maplaza huko. Kinachouma ni kwamba mkaguzi anasoma maandishi tu, hapimi, kwa hiyo uongo aliouandika mtu mwingine unanyang'anywa wewe. Na ile ambayo maandishi yameshafutika nayo wanachukua, hawana muda wa kubahatisha.

Nunua ya 20,000 yenye wati-saa zilizochapwa vizuri mgongoni, na usitegemee itakupa 20,000 kwenye simu, maana umeme unabadilishwa kutoka volti 3.7 kwenda 5 na mwingine unapotea kuwa joto, utabaki na kama 12,000 au 13,000, yaani simu ya betri 5,000 unaijaza mara mbili na kidogo. Inatosha kabisa. Ukipanda Emirates, tangu 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa kila abiria, chini ya wati-saa 100, na ukiwa ndani huruhusiwi kuitumia wala kuichaji, na usiiweke kule juu kwenye makabati, iweke chini ya kiti au mfuko wa kiti cha mbele. Na China sikiliza hapa vizuri, kwa sababu wengi wenu mnafika Guangzhou kisha mnaruka tena kwa ndege ya ndani kwenda mji mwingine: tangu 28 Juni 2025 ndege za ndani za China hazikubali pawa benki isiyo na alama ya 3C, ile alama ya usalama ya China. Zetu nyingi za huku hazina. Kwa hiyo hiyo ya kwako iache nyumbani, umeme ukikatika itakusaidia.

Sista, mimi dereva wa trela, natoka Mombasa, Malaba, Elegu mpaka Juba. Foleni pale mpakani inaweza kukushika siku mbili tatu. Nataka kuchemsha chai ndani ya kebini. Tandiboi wangu, yaani utingo, alileta birika la umeme la nyumbani na inveta ya kuchomeka kwenye laita, kuwasha tu ikalia piiii ikazima, na fyuzi ya laita ikaenda. Mbaya ni inveta ama birika? — Dereva, Malaba

Hakuna kibaya hapo kaka, vyote ni vizima, ni hesabu ndio haikukaa. Birika la nyumbani linakula wati 1,500, mengine 2,000. Trela lako ni volti 24, kwa hiyo ukitaka wati 1,500 kutoka kwenye betri unavuta zaidi ya ampea 60. Laita mara nyingi ina fyuzi ya ampea 10 au 15, sasa 15 mara 24 unapata wati 360, basi, hapo ndio mwisho wa laita yako. Inveta ililia ikiomba msamaha na fyuzi ikafa ikilinda waya, na mwambie tandiboi asije akaweka fyuzi kubwa zaidi ati ishike, maana fyuzi ikishika kitakachoungua ni waya nyuma ya dashibodi na hapo unaongelea gari zima.

Kitu unachotafuta ni birika la gari, la kuchomeka moja kwa moja kwenye laita bila inveta. Lakini soma chini yake kabla hujatoa pesa: liwe limeandikwa volti 24. Mengi sokoni ni ya volti 12, ya gari ndogo, na ukichomeka la 12 kwenye 24 linavuta nguvu mara nne ya ile lililotengenezewa, linaungua kabla majani hujayafungua. Na hata hilo la 24 usilitegemee kwa haraka. Likiwa la wati 250, lita moja ya maji inataka karibu nusu saa, nusu lita robo saa hivi. Washa injini, ongea na watu, rudi.

Kuna fundi atakuambia, na wapo wengi hapo barabarani, kwamba achukue waya kwenye betri moja tu kati ya mbili akupatie volti 12 ya bure ya redio na chaja na birika. Mkatalie. Betri mbili za trela zinachajiwa pamoja kama ni moja, ukinyonya moja peke yake ile inabaki nyuma kila siku na mwenzake anajazwa kupita kiasi, baada ya miezi unanunua zote mbili. Kama vitu vyako ni vya 12 nunua kile kiboksi cha kushusha 24 kwenda 12, kinafungwa kwenye betri zote mbili. Chaja ya simu nayo angalia iandikwe 12–24V, hizo zipo na hazina shida.

Mimi lakini ningeanza na chupa kubwa ya chai, ile ya chuma ndani na nje, sio ile ya kioo ndani maana barabara inaijua. Ijaze kwa mama pale Kamdini, ukifika Elegu bado ina moto, hakuna waya hakuna fyuzi. Na jiko la mkaa au la gesi ndani ya kebini madirisha yamefungwa, hapana kabisa, ile hewa ya mkaa haina harufu na mtu halali akaamka. Ukiwa umebeba mafuta ndio hata usiongee habari za moto.

Habari. Naenda Kigali kwenye mkutano, chaja yangu ya laptop ni ya pini tatu za hapa Uganda. Itaingia? — Mbarara

Haitaingia. Rwanda ni matundu mawili ya duara. Nunua adapta ndogo ya kutoka pini tatu za kwetu kwenda mbili za duara, zipo kila duka la umeme. Hiyo hiyo itakufaa ukienda upande wa Congo, na Juba utaihitaji mara nyingi. Kenya ni kama kwetu. Tanzania nyumba nyingi ni kama kwetu pia lakini utakuta hoteli za zamani zina matundu matatu makubwa ya duara. Ile janja yetu ya kuchomeka kalamu ya biki kwenye tundu la juu ili pini mbili za mgeni ziingie, kule haina kazi, tatizo lako litakuwa ni pini zako za mraba hazina pa kupita.

Na kaveera zako, mifuko ya plastiki, ziache kabla ya mpaka wa Katuna. Rwanda walipiga marufuku tangu 2008 na wanafungua mabegi kweli, viatu vyako ulivyofunga ndani ya kaveera vitatolewa vikae juu ya meza. Nunua vile vifuko vya kitambaa, au shona tu kwa fundi wako kutoka kwenye shuka la zamani. Wanaoenda Kenya nao wasijidanganye, marufuku kule ni tangu 28 Agosti 2017 na faini kwenye sheria inafika mpaka shilingi milioni nne za kwao, Tanzania ni tangu 1 Juni 2019.

Dada yangu, kaka yangu aliye London alikuja likizo akaniachia AirTag, kale kaduara ka Apple ka kutafutia vitu, akasema niweke kwenye begi halitapotea tena. Nimepanda basi Kampala kwenda Arua, begi liko kwenye buti, nikifungua simu yangu ya Android sioni kitu. Imeharibika? Ama network ya West Nile ndio mbovu? — Mama wa duka, Arua

Haijaharibika. Ila swali: nani aliisajili? Kama aliisajili kaka yako na simu yake, basi yeye ndiye anaona begi lako, yuko London anajua umefika Karuma na wewe mwenyewe hujui. AirTag inasajiliwa na iPhone au iPad tu, Android haiwezi, hata ufanye nini.

Na kitu ambacho wauzaji hawakwambii, hako kaduara hakana GPS wala laini ya simu. Kana bluutuufu na betri ya saa, ile CR2032 inayokaa kama mwaka. Kanachofanya ni kunong'ona, mimi niko hapa, mimi niko hapa, na iPhone ya mtu yeyote inayopita karibu ndio inasikia na kupeleka habari mbinguni, yaani mtandaoni. Uwanja wa ndege wa Dubai ama London iPhone ni za kukanyagana, inafanya kazi vizuri sana. Sasa wewe hesabu mle ndani ya basi la Arua, ukitoka Karuma unaenda Pakwach, iPhone ziko ngapi? Moja ya yule kijana wa kiti cha nyuma, na betri imekwisha tangu Luweero.

Wenye Android wana tagi zao zinazotumia mtandao wa Google unaoitwa Find Hub, na kwa kuwa watu wengi huku ni Android ungefikiri ndio mwisho wa matatizo. Inasaidia zaidi, lakini nenda kwenye setingi: simu nyingi zimewekwa zisaidie kutafuta kwenye sehemu zenye watu wengi tu, kule porini zinanyamaza mpaka mwenye simu abadilishe mwenyewe, na nani anabadilisha. Kwa hiyo tagi ni ya eapoti na mjini. Kwa basi, mimi ningeitumia hiyo pesa kwa mambo mengine.

Piga picha begi lako likiwa linaingizwa buti, na lile kuponi la kondakta lipige picha pia maana linapotea. Funga kipande cha kitenge kinachoonekana kwenye mshikio, sio ribon nyekundu, kila mtu ana ribon nyekundu, funga kitenge ambacho ukikiona tu unajua ni chako, na mtu akilishika kwa makosa au kwa makusudi unapiga kelele ukiwa dirishani bado. Basi likisimama watu kushuka, na wewe chungulia. Wengi wanaopoteza begi sio kwamba liliibiwa usiku kwa ufundi, lilishuka Nebbi na mtu mwingine mchana kweupe.

Na kufuli ndogo mnazofunga kwenye zipu, nasikitika kuwaambia. Zipu inafunguliwa kwa ncha ya kalamu ya biki, unaichoma katikati ya meno inaachia, ukimaliza unavuta vile vichwa viwili vilivyofungwa kufuli kwenda na kurudi, inafunga tena hata mwenyewe hujui. Kufuli inamzuia yule wa tamaa ya ghafla tu. Pesa na simu na dawa havikai kwenye buti, vinakaa na wewe.

Mto wa shingo, ule wa kupuliza, una maana ama ni urembo? — Msafiri wa usiku, Kampala–Nairobi

Una maana ukiupuliza nusu. Watu wanaujaza mpaka unagonga kidevu. Na ugeuze, ile sehemu nene ikae mbele chini ya kidevu, kichwa kinachoanguka kwenye basi kinaanguka mbele.

Asalaam alaikum dada. Mama yetu ana miaka 64, anaenda Hija kutoka hapa Bombo, sisi watoto tumechanga tumnunulie vitu vya kumrahisishia. Dukani wametuonyesha feni ya shingoni, adapta ya dunia nzima, mkanda wa pesa, kiti cha kukunja, pawa benki, mwavuli. Pesa haitoshi vyote. Nini kiwe mbele? — Watoto wa Hajjati mtarajiwa

Waalaikum salaam, na mnampa cheo kabla hajapanda ndege, mashallah. Hii nimeipenda kwa hiyo nitaongea.

Adapta ya dunia nzima ifuteni kwanza. Saudia ni pini tatu kama za kwetu, chaja yake itaingia kama yuko sebuleni. Anachohitaji ni ekstensheni fupi yenye matundu manne na yuesbi, kwa sababu kwenye mahema ya Mina akina mama ni wengi na soketi ni chache, na mwenye ekstensheni anakuwa rafiki wa hema zima. Pawa benki nunueni moja ya 10,000, nyepesi, ya 20,000 mama hataibeba, ataiacha hotelini.

Jua ndio jambo lenyewe. Hija ya 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50 na watu zaidi ya 1,300 walifariki, serikali ya Saudia ilisema wengi wao walikuwa hawana vibali, walitembea mbali juani bila kivuli. Mama yenu anaenda na kibali na kundi lake, lakini jua ni lile lile. Kwa hiyo mwavuli uwe wa kwanza, mweupe au wa rangi nyepesi, mwepesi wa kushikwa mkono mmoja, mweusi uacheni hapo dukani. Cha pili ni chupa ya kupuliza maji, ile ya saluni, mnaijua, haina bei. Hiyo feni ya shingoni peke yake mimi naiogopa kidogo, hewa ikiwa na joto la 40 na zaidi feni inakupulizia joto tu, mwili mkavu haupoi, lakini akijipuliza maji usoni na shingoni kisha akawasha feni, hapo anapata nafuu. Kama pesa imebaki nunueni, kama haijabaki chupa na mwavuli vinatosha.

Sandali zinunuliwe sasa hivi, leo, na azivae hapo Bombo kwenda sokoni na msikitini mpaka zimzoee. Viatu vipya kule ni malengelenge siku ya kwanza. Na kifuko cha kitambaa cha kubebea sandali msikitini, avitunze mwenyewe, sio kuviacha mlangoni kati ya maelfu.

Akiwa kwenye ihramu yeye kama mwanamke anavaa nguo zake za kawaida za stara, ila bila nikabu na bila glavu, na manukato hayaruhusiwi, kwa hiyo sabuni, mafuta ya kupaka na hata vitambaa vile vya maji vinunuliwe visivyo na harufu kabisa, someni kwenye pakiti. Mkasi mdogo wa kupunguza ncha ya nywele akimaliza uwekwe begi kubwa la chini, begi la mkononi watauchukua. Badala ya mkanda wa pesa shoneni kifuko cha kuvaa ndani ya gauni. Kadi ya Nusuk, kile kitambulisho cha haji, atapewa kule, haiachi hata dakika, mnunulieni kile kimfuko cha plastiki cha kuning'iniza shingoni chenye kamba imara. Na jina la hoteli na namba ya kiongozi wa kundi ziandikwe kwenye karatasi, mbili, moja kwenye kifuko moja kwenye begi, simu ikizima ile karatasi haizimi.

Kiti cha kukunja hapana, atachoka kukibeba kabla hajakikalia. Na mkumbusheni kurudi asije akatia Zamzam kwenye chupa za soda ndani ya begi, wanatoa. Yanauzwa yakiwa yamefungwa rasmi kwenye boksi la lita 5, ndio hayo yanapanda ndege.

Sisi vijana sita wa kazini tunapanda Rwenzori kupitia Nyakalengija. Tumeorodhesha buti za kupanda mlima zisizoingiza maji, filta ya maji ya mrija, tochi za kichwani na kava la mvua la begi. Bajeti imetushinda kwenye buti. Tukopeshane? — Fort Portal

Msikope. Kwa sehemu kubwa ya njia ile kiatu kinachotembea ni gambuti, ile ile ya mkulima. Waulizeni waongoza watalii wa pale, na angalieni wapagazi miguuni wamevaa nini. Matope ya Bujuku yanafika kwenye goti, buti ya bei ikishaingiza maji kwa juu haijali ilinunuliwa wapi, inakaa na maji siku zote zilizobaki, gambuti unamwaga unavaa unaendelea. Chukueni namba moja zaidi ya yenu mvae soksi mbili, nyembamba ndani na ya sufu nje, na muwe na soksi moja kavu ya kulalia tu ambayo haigusi matope hata kwa dawa. Wanaofika juu kabisa Margherita, mita 5,109, kule kwenye barafu ndio wanataka buti ngumu za kufungia meno ya chuma, na hizo zinakodishwa na wanaoendesha hizo safari, ulizeni kabla hamjatoka.

Filta ya mrija ni nzuri lakini ina siri moja. Ndani yake kuna vinyuzi vyenye matundu madogo sana, na vikishalowa maji halafu vikaganda barafu usiku vinapasuka. Kwa nje haionekani, utaendelea kunyonya unafikiri unachujwa kumbe yanapita yalivyo. Kambi za juu kule maji yanaganda. Kwa hiyo filta inalala ndani ya slipingi begi pamoja na wewe, na simu pia, na betri za tochi pia, baridi inanyonya betri. Kwenye tochi wekeni betri za lithiamu zile za kutupa kama mtazipata, kwa baridi hazilegei haraka kama alkalaini. Na mkishuka mjini hiyo filta msiinywee maji ya bomba bovu au ya ziwani mkajiona mmepona, mrija wa kawaida unazuia bakteria lakini virusi vinapita, huko chemsheni au wekeni dawa ya klorini.

Kava la mvua la begi wekeni pesa mfukoni. Maji yanaingia kwa mgongoni, kati yako na begi, pale kava halifiki. Nunueni kaveera nzito, ile nene ya kutandika chini ya gunia la mbolea, iingie ndani ya begi kwanza kisha nguo ndani yake, kunja mdomo. Mkishuka mshuke nayo, msiiache kule juu.

Binamu anatoka Canada Desemba, anakuja na droni apige picha Murchison, na begi lake la mgongoni ni la rangi za jeshi. Kuna shida? — Gulu

Zipo mbili. Droni inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha Wizara ya Ulinzi kabla haijaingia, sio baada, bila hivyo forodha Entebbe inabaki nayo, na ndani ya hifadhi anahitaji ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori, juu ya hizo. Kwa picha za wiki mbili sioni faida, mwambie alete lensi ndefu.

Begi la kombati liachwe Canada. Huku raia haruhusiwi kuwa na nguo na vitu vinavyofanana na vya jeshi, na yule askari wa barabarani usiku hatataka kusikia kwamba kule kwao ni fasheni.

Na kama mna mpango wa kupitia Bwindi, aizime flashi ya kamera akiwa bado hotelini. Mbele ya gorila flashi hairuhusiwi, na watu wanaanza kuitafuta ile batani wakati mnyama ameshawakodolea macho. Glavu nene za bustanini na suruali ndefu ya kuingiza ndani ya soksi ndio vifaa vya kule, upupu na miiba hauulizi kamera ni ya bei gani.

Mwalimu hapa, nimepata kazi Kaabong, Karamoja, naambiwa umeme ni wa shida. Nimeona pawa benki yenye sola mgongoni, naweka juani inajijaza, nalala nimetulia. Ninunue? — Soroti

Hiyo sola ya mgongoni, mwalimu, inatoa kama wati moja, moja na nusu ikijitahidi. Pawa benki ya 20,000 ni wati-saa 74, tumeshafanya hiyo hesabu huko juu. Gawanya. Ni saa hamsini na zaidi za jua kali la bila wingu, yaani zaidi ya wiki nzima mchana kutwa, na wakati huo hujaitumia. Na kuiacha betri ya lithiamu ikaangwe juani wiki nzima ndio njia ya haraka ya kuivimbisha.

Ukitaka sola kweli nunua zile za kukunja, zinafunguka kama mapazia, zilizoandikwa wati 20 kwenda juu. Tegemea zitoe wati 12 hadi 15 jua likiwa zuri, na Karamoja jua mnalo. Pawa benki ikae kivulini, chini ya hiyo hiyo sola au ndani dirishani, waya tu ndio utoke. Jaza mchana, simu uijaze usiku kutoka kwenye pawa benki, usiunganishe simu moja kwa moja na sola maana wingu likipita inakata na kuunga, kata na kuunga, simu zingine zinagoma kabisa.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, pigia mwalimu mkuu. Shule nyingi za kule zina sola kwenye ofisi, na senta hazikosi kijana mwenye kibanda cha kuchajia simu. Kama vyote vipo, ya 20,000 ya kawaida isiyo na urembo mgongoni inakutosha, na pesa iliyobaki nunua tochi ya kichwani ya kusahihishia madaftari.